Gobori na Bunduki ya Viasi: Maneno Machache juu ya Hadithi ya Mwindaji wa Paa

Kijana mmoja, mkaaji wa Magomeni mjini Dar es Salaam, ametuletea daftari lenye hadithi aliyoitunga mwenyewe, akatuomba tuisome na kumwambia makosa yake pasipo kumficha. Hadithi hiyo haijapigwa chapa bado, naye atumaini kwamba siku moja itasomwa na watoto shuleni. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa kazi ambayo haijatoka ni kama mtoto ambaye hajatimiza arobaini: si adabu kumtembeza njiani. Lakini amekubali tuyaseme hapa tuliyomwambia, maana makosa yake si yake peke yake. Ni makosa ya wengi wetu tuandikao leo juu ya mambo ya kale, na mengine tumeyafanya sisi wenyewe.

Hadithi yenyewe, kwa ufupi, ni hii. Katika mwaka 1904, katika nchi ya Umatumbi iliyo kusini ya mto Rufiji, palikuwa na mwindaji aliyekuwa babu wa babu yake mwandishi. Chakula kilikuwa kimekwisha nyumbani. Mwindaji aliamka alfajiri, akasali, akachukua gobori lake na risasi tano mfukoni, akaingia mwituni. Akamwona swala mkubwa mwenye pembe ndefu zilizopinda, akafyatua risasi tatu mfululizo, naye swala akaanguka palepale mbele ya macho yake. Mwindaji akarudi nyumbani kuwapa watu habari. Jioni akaenda na watoto, akamkuta mnyama amelala alipoanguka, akamtwika begani, wakaja wakala wakashiba. Katika ukurasa wa mwisho twaambiwa kwamba mwindaji huyo alikuwa askari wa Wajerumani, amekuja kwao kwa ruhusa ya siku chache.

Kabla ya lawama, haki kwanza. Mwandishi huyu ajua kuona. Mwanzo wa hadithi yake ni mzuri kabisa: mwanamke anapuliza makaa gizani, anatikisa kibuyu asikie kama mna punje zilizobaki, wala hasemi neno, kwa kuwa mume wake naye amekwisha kusikia. Tena ameiweka njaa hiyo mahali pake. Miaka hiyo, tangu 1902, serikali ya Wajerumani ilikuwa imeanza kuwalazimisha watu wa sehemu hizo kulima mashamba ya pamba chini ya majumbe, na siku walizotoa huko walizinyima mashamba yao wenyewe. Na nguruwe mwitu hawamngojei mtu amalize kazi ya serikali. Mwandishi hakutoa hotuba juu ya jambo hilo. Ametuonyesha kibuyu, nasi tumeelewa. Mtu awezaye kufanya hivyo anastahili kusomwa kwa makini, na kwa sababu hiyo tumeyapima maneno yake mengine kwa mizani ileile.

Tuanze na mnyama. Neno "swala" siku hizi limekuwa kapu la kutilia kila mnyama mwenye pembe na miguu myembamba. Mkaaji wa mjini husema swala, naye aweza kuwa amekusudia swala pala, au paa, au funo, au hata tohe. Wazee wa porini hawakusema hivyo, kwa kuwa kila mmoja wa wanyama hao ana mahali pake na desturi yake, na kila mmoja huwindwa kwa namna yake. Swala pala hupenda nchi ya wazi yenye miti iliyoachana na majani mafupi, nao hutembea kwa makundi. Dume lake lina uzito wa kilo 50 na zaidi, pengine 70. Mwandishi ametuambia kwamba mwindaji wake alikuwa katika kichaka kinene cha milimani, hata mikono ikachubuliwa na miiba; na huyo mnyama alikuwa peke yake; na mwindaji akamtwika begani akaenda naye mwendo wa saa mbili bila kupumzika. Mambo haya matatu hayapatani na swala pala. Yapatana sana na paa, mnyama mdogo wa vichaka vya pwani, ambaye uzito wake ni kilo 5 hivi, mwenye kupita katika njia zake zilezile kila asubuhi na jioni. Yapatana pia na funo, yule mwekundu, aliye mkubwa kuliko paa lakini mtu aweza kumbeba.

Kwa hiyo mwandishi ameona kweli kichaka, ameona kweli bega la babu yake, kisha akamweka juu ya bega hilo mnyama wa picha. Tulimwuliza sababu, akatuambia kwa unyofu kwamba paa alimwona ni mdogo mno, haifai kumaliza njaa ya nyumba nzima. Sisi twaona kinyume chake. Mtu anayekwenda mwituni gizani, akarudi na kilo 5 za mnyama pamoja na mifupa na ngozi, akawagawia watu saba, huyo ndiye atuonyeshaye njaa. Tena jambo hili si la hadithi tu. Hata leo, chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kibali cha kuwinda hutaja jina la mnyama, na mtu aliyeruhusiwa mmoja akapiga mwingine amevunja sheria. Jina la mnyama lina uzito kwa mwenye kuwinda, na kwa mwenye kuandika ni vivyo hivyo.

Sasa tufike kwenye bunduki, ambapo kosa ni kubwa zaidi na lina matunda yake mbele. Mwandishi asema gobori, kisha asema risasi tano mfukoni, kisha asema risasi tatu mfululizo. Maneno haya hayawezi kukaa katika nyumba moja. Gobori ni bunduki ya kushindiliwa kwa mdomoni. Mwindaji humimina baruti kutoka katika pembe yake. Hutia makumbi ya nazi au kitambaa. Hushindilia kwa mdeki. Hutia risasi, au marisao, au vipande vya chuma. Hutia makumbi tena, hushindilia tena. Kisha huweka fataki mahali pake chini ya nyundo ya mtambo. Bunduki ya kale zaidi, ile ya gumegume, haikuwa na fataki, bali jiwe lililotoa cheche. Kazi yote hiyo kwa mwindaji asiye na haraka ni ya dakika nzima au karibu yake. Baada ya mlio mmoja, paa aliyekoswa amekwisha kuvuka mto. Ndiyo maana mwenye gobori hakupiga mfululizo: alikuwa na mlio mmoja tu, na ubingwa wake wote ulikuwa katika kungoja.

Bunduki iwezayo kupiga mara tatu kwa upesi kiasi hicho, kwa miaka ile na katika nchi ile, ni nyingine. Ni ile ya askari wa Wajerumani, bunduki ya Mauser ya mfano wa 1871. Hiyo hufunguliwa nyuma kwa chuma kiendacho kama komeo la mlango, hutiwa kiasi kimoja, hufungwa, hupigwa; kisha hufunguliwa tena, ganda la shaba likatoka. Kasiba yake ni ya milimita 11, na risasi yake ina uzito wa gramu 25 hivi. Msomaji asifikiri kwamba, kwa kuwa ina viasi, basi ni bunduki ya namna ya leo. Baruti iliyomo katika kiasi hicho ni baruti nyeusi ileile ya gobori: shura sehemu 75 katika 100, makaa ya miti 15, kiberiti 10. Baruti isiyo na moshi ilivumbuliwa na Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, na jeshi la Ufaransa likaipokea mwaka 1886. Lakini askari wa huku kwetu waliachiwa bunduki kuukuu, hata vita vilipoanza mwaka 1914 kombania nyingi zilikuwa nazo bado. Jemadari wao von Lettow-Vorbeck mwenyewe alilalamikia moshi wake uliomwonyesha adui mahali walipo. Ni baada ya kushinda Tanga, mwezi wa Novemba mwaka 1914, ndipo walipopata mamia ya bunduki mpya walizowateka Waingereza.

Basi palikuwa na bunduki mbili za baruti nyeusi, moja ya kushindiliwa na moja ya viasi, nazo hazikugawanywa kwa watu ovyo. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja alikadiria kwamba bunduki elfu 80 hata elfu 100 zilikuwa zikiingia katika nchi hizi kila mwaka. Dola za Ulaya zikaogopa, na mwaka 1890 zikafanya mapatano mjini Brussels: bunduki za namna mpya zisiuzwe kwa wenyeji wa Afrika, wauziwe za gumegume zisizo na mifuo ndani ya kasiba, pamoja na baruti ya kawaida, tena kwa masharti. Tangu hapo bunduki ya viasi ikawa alama ya serikali na ya Mzungu, na gobori likawa alama ya mwananchi. Mtu aliyesimama njiani mwaka 1904 hakuhitaji kuuliza huyu ajaye ni nani. Aliitazama bunduki yake tu.

Hapa lugha yetu ya leo imetusaidia kukosea. Neno "gobori" limekuwa, kama "swala," kapu la kutilia kila bunduki ya zamani. Na katika magazeti limekuwa silaha ya jangili, hata kijana akilisikia hafikiri mwindaji, hufikiri mshtakiwa. Neno "risasi" nalo limemeza ndugu zake. Asili yake ni madini yale mazito tu, na maana yake ya haki katika bunduki ni kile kipande kiendacho kumchoma mnyama. Chombo kizima chenye ganda, baruti, fataki na risasi wazee walikiita kiasi, jina zuri linaloonyesha wazo lenyewe: baruti iliyokwisha kupimwa. Mwenye gobori alipima kila mara kwa mkono wake. Mwenye bunduki ya viasi alipimiwa kiwandani. Neno likifa, tofauti hiyo ya mkono na kiwanda yafa pamoja nalo. Na fataki je? Mwulize kijana wa Magomeni, atakwambia ni yale yanayopasuliwa mbinguni usiku wa mwaka mpya, au atacheka, kwa kuwa tangu matangazo ya redio ya mwaka 2008 neno hilo humwita pia mtu mzima awindaye mabinti wa shule. Hatuwezi kuwalaumu vijana kwa jambo hili. Maneno mengi ya namna hii yamo katika kamusi za kale, za Krapf ya 1882 na za Madan ya 1903 na za Johnson ya 1939. Lakini kamusi huhifadhi neno moja moja, kama mtu anayekusanya vyombo vya fundi baada ya mazishi yake. Utapata mdeki, utapata mtambo, utapata marisao. Kazi iliyoviunganisha hutaipata, ila umwulize aliyeifanya au aliyemwona aifanyaye.

Kwa sababu hiyo tulimwambia mwandishi atupeleke kwa babu yake. Mzee huyo akaa Magomeni Mapipa, nyuma kidogo ya barabara ya Morogoro, katika nyumba ya vyumba sita ambayo ameishi tangu ujana wake. Yeye ni mjukuu wa mwindaji wa hadithi. Tulimkuta barazani, tukamwamkia, akatupokea kwa marahaba ndefu, akamwambia mjukuu wake alete viti.

Tukamsomea hadithi. Alisikiliza akiwa amefumba macho, hata tulipofika kwenye ule mlio ambapo swala aanguka palepale mbele ya macho ya mwindaji. Hapo akafumbua macho, akauliza, "Amemwonaje?"

Mjukuu akajibu, "Si yuko mbele yake, babu?"

"Na moshi?"

Hatukuwa tumeufikiria moshi, wala sisi tuliokwisha kulisahihisha daftari kwa wino mwekundu. Mzee akatueleza kwamba baruti nyeusi ikiwaka, mwindaji hufunikwa. Asubuhi isiyo na upepo husimama mbele yake wingu jeupe zito, naye haoni mnyama, haoni mti, haoni mkono wake. Kwa hiyo wazee walipochagua mahali pa kuotea, waliuangalia upepo kwa mambo mawili: usipeleke harufu yao kwa paa, tena usiache moshi umekaa usoni pao. Upepo wa ubavuni ndio waliopenda. Na wakiisha kupiga, waliruka kando au waliinama chini ya moshi, wakasikiliza. Kwanza husikika, kisha huonekana: majani yakipigwapigwa mahali pamoja, paa ameanguka, majani yakilia kwa mbali, amekimbia na ni kazi ya kufuata damu. Na moshi huo una harufu ya mayai yaliyooza, ndiyo ile kiberiti. Masizi yake hula kasiba kwa kutu, hivi kwamba bunduki haina budi kuoshwa kwa maji ya moto siku ileile. "Bibi yangu alikuwa akinung'unika," akasema mzee. "Moto mmoja, na vyungu viwili: cha nyama na cha bunduki. Na cha bunduki kikitangulia."

Katika hadithi nzima hamna moshi, wala masizi, wala hicho chungu cha maji. Sisi twasema kwamba chungu hicho peke yake chazidi kurasa mbili za sifa za ushujaa.

Jambo la tatu alilolikataa mzee ni kubwa kuliko yote, naye alilisema kwa sauti ya chini, kana kwamba amwonea mjukuu wake haya. Mwandishi ametuambia kwamba mwindaji alisali alfajiri, tena kwamba nyumba ile ilikuwa ya Waislamu. Kisha asema mnyama aliachwa alipoanguka, wakaja kumchukua jioni. "Basi uliwalisha kibudu," akasema mzee. "Babu yangu unamwandika awalishe watoto kibudu?"

Msomaji wa pwani hahitaji maelezo, lakini kwa wengine tutaeleza. Kama masheikh wengi wa pwani wafundishavyo, mnyama aliyepigwa kwa bunduki hana budi kukutwa yu hai, akachinjwa kwa jina la Mungu. Akifa kabla ya kisu kumfikia, nyama yake hailiwi. Ndiyo sababu mwindaji wa pwani hakutoka na bunduki tu, alitoka na kisu kilichonolewa. Na tangu mlio wa bunduki hata kisu kufika palikuwa na mashindano kati yake na mauti. Alikimbia ndani ya moshi wa bunduki yake mwenyewe, katika miiba, akimtafuta mnyama mwenye ukubwa wa mbuzi mchanga. Hapo ndipo ilipo roho ya uwindaji huo, na hapo ndipo palipo na khofu ya kweli katika hadithi: mwindaji aliyelenga vema kupita kiasi, akamwua paa mara moja, amerudi mikono mitupu sawa na aliyekosa. Hebu msomaji afikiri jambo hilo pamoja na kile kibuyu kisicho na punje. Mwandishi alikuwa na jambo zito kuliko yote mkononi mwake, akalipita bila kuliona.

Lakini tuseme na upande wa pili, ili tusiwe mahakimu wa haraka. Si watu wote wa Umatumbi waliokuwa Waislamu mwaka 1904. Wengi walisilimu baadaye. Ikiwa mwindaji yule alikuwa bado katika desturi za wazee wake, basi kumwacha mnyama hata jioni si kosa la dini, ingawa ni kosa la akili, kwa kuwa fisi hawangoji. Ila hapo ile sala ya alfajiri haina budi kuondoka. Mwandishi hana ruhusa ya kuchukua sala kwa ajili ya uzuri wake na kuacha kisu kwa ajili ya uzito wake. Achukue vyote viwili, au aache vyote viwili. Wala tusilipambe gobori kwa masikitiko. Bunduki isiyo na mifuo hupotea shabaha upesi, na vipande vya chuma vilijeruhi wanyama wengi waliokwenda kufia mbali bila faida kwa mtu yeyote. Hatuandiki haya tukitamani gobori lirudi. Twaandika ili lisemwe kama lilivyokuwa.

Sasa twarudi kwenye ule ukurasa wa mwisho, maana ndio uliotufanya tuandike. Mwandishi asema babu huyo alikuwa askari wa Wajerumani. Tulimwuliza alijuaje, akajibu kwamba nyumbani kwao husemwa siku zote kwamba babu "alipigana vita vya Wajerumani." Tena husemwa siku zote kwamba alikuwa na gobori.

Tazama jinsi lugha inavyoweza kumficha mtu. "Vita vya Wajerumani" ni maneno yenye milango miwili. Aliyepigana upande wao amepigana vita vya Wajerumani. Na aliyepigana nao vilevile. Na huko Umatumbi jambo hili si la mchezo. Ni huko Nandete, mwishoni mwa Julai mwaka 1905, watu walipong'oa pamba ya serikali na Vita vya Majimaji vikaanza. Na Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa watu maji, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka uo huo. Katika vita hivyo bunduki zilisimama zikitazamana kama tulivyoeleza: askari walishika bunduki za viasi, na wenyeji walishika mikuki, pinde na magobori. Vita vilipokwisha, serikali ilikusanya bunduki za wenyeji. Wapo pia waliochukuliwa baadaye kuwa wapagazi katika vita vya 1914 hata 1918, ambao kumbukumbu yao imebaki katika jina la Kariakoo, mwendo mfupi tu kutoka Magomeni kwa kuvuka bonde la Msimbazi. Nao pia wajukuu wao husema kwamba walikuwa katika vita vya Wajerumani. Basi babu yupi huyu?

Tukamwuliza mzee. Akasema bunduki yenyewe hakuiona. Ilichukuliwa na serikali kabla yeye hajazaliwa, wala hakuambiwa mwaka. Alichokiona utotoni ni fimbo ya chuma iliyowekwa juu ya ukuta chini ya makuti, ambayo bibi alichocheleza moto. Hiyo iliitwa mdeki. Mjukuu akafurahi, akatutazama kama mtu aliyeshinda kesi. Tukamwambia asifanye haraka, kwa kuwa bunduki ya Mauser nayo ina fimbo nyembamba chini ya kasiba, ya kusafishia. Na fimbo iliyokwisha kukaa motoni miaka 40 haisemi tena ilitoka katika bunduki gani.

Mzee akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Palikuwa na pembe pia."

Pembe gani? Pembe ya ng'ombe, yenye kizibo cha mti na kamba ya ngozi. Watoto walichezea, wakipuliza wapate mlio, lakini haikulia vizuri kwa kuwa ncha yake ilikuwa imetobolewa tundu dogo mno. Na ndani ilikuwa nyeusi, ukitia kidole kinatoka cheusi.

Hapo sisi nasi tukanyamaza. Askari mwenye viasi hana haja ya pembe ya baruti. Pembe ni ya mtu apimaye mwenyewe. Kwa hiyo neno "gobori" lililohifadhiwa katika nyumba ile ya Magomeni lilikuwa neno la kweli, neno lililochaguliwa, wala si kapu. Na kilichokuja kuongezwa juu yake ni uaskari. Hatusemi kwamba tumepata ushahidi wa mahakamani. Mtu aweza kuwa mwindaji wa gobori mwaka 1904 na kuwa askari mwaka mwingine, na mtu aweza kurithi pembe ya mwenzake. Lakini mwindaji wa asubuhi ile katika hadithi, mwenye gobori na pembe na kisu, hakuwa askari aliye katika ruhusa. Na ikiwa mwaka uliofuata alipigana, bunduki yake yatuonyesha upande uelekeao kuwa wake.

Tukamwuliza mzee kama aliwahi kumwuliza babu yake, maana walikaa pamoja miaka kadhaa. Akasema, "Hatukuuliza. Wala yeye hakusema. Zamani hizo mtu aliyepigana alinyamaza, na mtoto aliona adabu kunyamaza naye." Kisha akamtuma mjukuu dukani kununua kahawa.

Tumemrudishia mwandishi daftari lake, na shauri letu ni hili. Mwanzo auache kama ulivyo, asiguse hata neno moja la kile kibuyu. Mnyama awe paa. Mlio uwe mmoja. Moshi uwepo, na mbio za kisu ndani ya moshi, na chungu cha bunduki kitangulie cha nyama. Ukurasa wa mwisho auondoe kwa sasa. Wala asiuandike kinyume chake, akimfanya babu kuwa shujaa wa Majimaji kwa kuwa jambo hilo lapendeza zaidi leo. Kwanza aende Kipatimu na Kibata, kwenye ukoo uliobaki, aulize ni nani aliyepigana na nani, maadamu wapo wakumbukao waliyosimuliwa. Ametuambia kwamba atakwenda baada ya mvua, na kwamba mzee ataka kufuatana naye. Hadithi ikiisha kuandikwa upya, tutaisoma tena kwa furaha.